Jumla ya akiba imegoma kwenye 2,147,483,647: namba hii ina nini?

Mhazini_Busia

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mhazini wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Busia, upande wa Uganda. Wanachama wetu wengi ni wauza mahindi, dagaa wakavu na mitumba, watu wanaoweka kidogo kidogo lakini kila siku. Katika programu tunayotumia kuna mstari unaoonyesha jumla ya amana zote zilizowahi kupokelewa tangu chama kianzishwe. Tangu Jumatatu iliyopita mstari huo umegoma kwenye shilingi 2,147,483,647. Watu wanaweka, stakabadhi zinatoka, salio la kila mwanachama linaongezeka kama kawaida, na daftari langu la mkono linakwenda mbele, ila jumla hiyo haisogei hata kwa shilingi moja.

Kugoma kwake ningekuvumilia. Kilichoninyima usingizi ni mkia wa namba yenyewe. Dirishani kwetu hatupokei sarafu iliyo chini ya mia moja, kwa hiyo kila amana huishia na sufuri mbili, na ukijumlisha namba zinazoishia na sufuri mbili, hata ukijumlisha mpaka kesho, huwezi kupata inayoishia na 47. Nilijaribu kuigeuza iwe fedha za mkononi: ni noti 42,949 za elfu hamsini, kisha zinabaki shilingi 33,647, ambazo hakuna mchanganyiko wa noti na sarafu za sandukuni mwetu unaoweza kuzilipa. Mwenyekiti ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Naomba anayejua anieleze: namba hii imetoka wapi, na kwa nini iwe hii na si nyingine?

Fundi_Kampala

Ndugu Mhazini, mwambie mwenyekiti kwamba hakuna aliyeiba, chombo kimejaa. Aliyeitengeneza programu yenu alitenga biti 32 kwa ajili ya jumla hiyo. Biti ni nafasi ya kuandikia tarakimu moja, ama 0 ama 1. Nafasi moja hutumika kubainisha kama namba ni hasi au chanya, zinabaki 31, na zote 31 zikijaa tarakimu 1, namba inayosomeka ni hiyo hiyo 2,147,483,647. Fikiria mita ya zamani iliyofika 99999 na haina gurudumu jingine la kusogeza. Tofauti ni kwamba magurudumu ya kompyuta yana tarakimu mbili tu, si kumi.

Kinachotokea baada ya kujaa hutegemea programu. Nyingine hugeuka ghafla na kusoma −2,147,483,648, nyingine hukataa kuhifadhi na kutoa onyo, na nyingine, kama hiyo yenu, hukata kimyakimya chochote kinachozidi na kuandika kikomo. Kila amana mpya inajumlishwa, jumla inazidi, inakatwa tena. Tiba ni kubadilisha safu hiyo ya hifadhidata iwe ya biti 64, kisha jumla ikokotolewe upya kutoka kwenye amana moja moja. Tafadhali usiiandike jumla kwa mkono, hata kama daftari lako ni sahihi, kwa sababu mkaguzi akija atataka kuona ilikotoka.

Mwalimu_Arua

Maelezo ya Fundi yanatosha kwa chama. Mimi ninafundisha hesabu, na ningependa kuongeza jambo ambalo watengenezaji wa kompyuta hawakulipanga: namba hii ni tasa. Haigawanyiki bila baki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Ndiyo maana, ndugu Mhazini, noti zako zilikataa kukamilika. Hata ungegawa kwa mia, kwa saba au kwa elfu kumi na moja, ungebaki na kitu mkononi.

Umbo lake ni 2^31 − 1, yaani mbili 31 zilizozidishwa pamoja kisha ukatoa moja. Namba tasa za umbo hili huitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo, yaani namba zinazokaa mahali pa 31, ambavyo kwa maoni yake vinazaa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kuhusu 31 alikuwa sahihi. Kuhusu 67 na 257 alikosea, na aliacha 61, 89 na 107, ambazo zilistahili kuwamo.

Aliyethibitisha kwamba 2,147,483,647 ni tasa ni mwanahisabati wa Uswisi Leonhard Euler, na uthibitisho huo ulichapishwa mwaka 1772. Kwa miaka zaidi ya themanini baada ya hapo hapakuwa na namba tasa kubwa kuliko hii iliyojulikana na binadamu. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliizungumzia namba timilifu inayozaliwa nayo, yaani 2^30 × (2^31 − 1), ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Namba timilifu ni ile ambayo vigawanyo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe vikijumlishwa vinairudisha, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kupita zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizo ni za udadisi tu na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Aliwapima watu vibaya: mwezi Oktoba 2024 mradi wa kimataifa unaotumia kompyuta za watu wa kujitolea ulitangaza 2^136279841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Afande_Mstaafu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nina swali. Mimi nimestaafu jeshi na sasa nafuga kuku hapa Jinja. Tulikotoka, amri hupokelewa bila kuulizwa. Hesabu nadhani si hivyo. Unasema mtu wa mwaka 1772, bila kompyuta, bila hata kikokotoo, alithibitisha kwamba hakuna kitu kinachoigawa namba ya tarakimu kumi. Je, aligawa kwa kila namba kuanzia 2 hadi bilioni mbili? Angezeeka kabla hajafika milioni. Kama hakufanya hivyo, basi alikisia.

Mwalimu_Arua

Swali zuri, afande, na jibu lake ndilo sehemu tamu kuliko zote katika habari hii, kwa hiyo niruhusu niende polepole.

Kwanza, hakuna haja ya kufika bilioni mbili. Kama namba ina vigawanyo viwili vinavyozidishana kuipata, kimoja lazima kiwe kidogo kuliko kipeuo chake cha pili au sawa nacho, kwa sababu viwili vikubwa kuliko kipeuo vingezidisha na kupita. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na kitu. Tena inatosha kujaribu namba tasa tu, kwa kuwa kisichogawanyika kwa 3 hakigawanyiki kwa 9. Namba tasa zilizo chini ya kikomo hicho ni takribani 4,800. Kazi imepungua kutoka bilioni hadi maelfu, lakini bado ni ya kumchosha mtu.

Pili, tuwachuje washukiwa. Chukua namba tasa q tunayoishuku kwamba inaigawa 2^31 − 1. Maana yake ni kwamba 2^31 ikigawanywa kwa q inaacha baki 1. Sasa andika mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa q. Mabaki hayo huzunguka: yanafika 1, kisha yanaanza upya kwa mpangilio ule ule. Kwa kuwa kwenye hatua ya 31 tuko kwenye 1, urefu wa mzunguko lazima uigawe 31. Lakini 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 1 au 31. Urefu wa 1 ungetaka 2 yenyewe iache baki 1, jambo lisilowezekana. Basi urefu ni 31 kamili. Na mwanahisabati wa Ufaransa Pierre de Fermat alikwisha kueleza katika karne ya 17 kwamba kwa q tasa isiyo 2, 2^(q−1) huacha baki 1. Hivyo 31 lazima iigawe q − 1. Tena q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa, na kwa hiyo 62 ndiyo inayoigawa. Mshukiwa yeyote lazima awe kigawe cha 62 kilichoongezwa moja. Wengine wote waende nyumbani.

Tatu, kuna kichujio kingine. Kama 2^31 inaacha 1, basi 2^32 inaacha 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 65,536. Kwa hiyo 2 ni baki la mraba fulani kwa q, na kuna kanuni kwamba jambo hili hutokea tu pale q ikigawanywa kwa 8 inapoacha baki 1 au 7. Ukiunganisha vichujio vyote viwili, wanabaki washukiwa wa sura mbili tu: vigawe vya 248 vilivyoongezwa 1, na vigawe vya 248 vilivyoongezwa 63. Chini ya 46,341 kuna namba 372 za sura hizo, ukiacha 63 yenyewe ambayo hata mtoto ataona inagawanyika kwa 3. Ukiondoa zisizo tasa, zinabaki takribani themanini.

Tuwaite wa kwanza. 249 ni 3 × 83, aondoke. 311 ni tasa, huyu tumhoji: 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612, baki 35. Ameachiwa. 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5, 807 na 993 zinagawanyika kwa 3, 1,055 inaishia na 5, 1,241 ni 17 × 73. Anayefuata ni 1,303: mara 1,648,107, baki 226. Naye ameachiwa. Umeona, afande, tumevuka elfu moja kwa kugawa mara mbili tu. Mtu mwenye subira, karatasi na siku chache anawamaliza wote, na Euler alikuwa na subira ya kutosha. Wote walikana, na ndipo namba ikatangazwa kuwa tasa.

Afande_Mstaafu

Nimekuelewa mpaka kwenye mzunguko, na hapo nimesoma mara tatu. Nilijaribu na q = 7 ili nione kwa macho: 2, 4, 1, 2, 4, 1. Ni kweli unazunguka, urefu wake 3, na 3 inaigawa 6. Nimeridhika. Lile la mraba nalipokea kwa dhamana yako.

Mwanafunzi_Mbarara

Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha sita na nimefuata maelezo yote. Je, hii haimaanishi kwamba kipeo kikiwa tasa, basi 2 kwa kipeo hicho ukitoa moja ni tasa daima? Nimejaribu 2, 3, 5 na 7 nikapata 3, 7, 31 na 127, na zote ni tasa.

Mwalimu_Arua

Marahaba, binti. Umesimama hatua moja kabla ya shimo. Endelea na 11: 2^11 − 1 ni 2,047, na 2,047 ni 23 × 89. Angalia kwamba 23 ni 2 × 11 + 1 na 89 ni 8 × 11 + 1, kama kichujio kilivyotaka. Kinyume chake ndicho cha kweli: kipeo kisipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa, mlango umefunguliwa tu. Kuingia ni jambo jingine.

Usione aibu, umekosea pamoja na wakubwa. Mtaliano Pietro Cataldi, aliyethibitisha kwa haki kipeo cha 17 na cha 19, aliendelea kudai kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo vinazaa namba tasa. Fermat aliziangusha 23 na 37, Euler akaiangusha 29, na katika madai hayo manne ikasimama 31 peke yake. Nakupa zoezi: itafute dosari ya 2^29 − 1, yaani 536,870,911, kwa kutumia vichujio nilivyompa afande, lakini sasa weka 58 mahali pa 62.

Mwanafunzi_Mbarara

Nimeipata, Mwalimu, tena bila jasho. Vigawe vya 58 vilivyoongezwa moja ni 59, 117, 175, 233 na kuendelea. 59 ikigawanywa kwa 8 inaacha 3, kwa hiyo imetoka. 117 inagawanyika kwa 3 na 175 inaishia na 5. Mshukiwa halali wa kwanza kabisa ni 233, na kikokotoo kimesema 233 × 2,304,167 ni 536,870,911 kamili, bila baki. Nimeendelea na hiyo 2,304,167 nikapata 1,103 × 2,089. Kwa hiyo kwenye 29 mshukiwa wa kwanza alikiri papo hapo, na kwenye 31 wote karibu themanini walikana. Sikujua namba mbili zilizo jirani hivi zinaweza kutofautiana kiasi hicho.

Mwalimu_Arua

Hongera sana. Na sasa nikuonyeshe njia nyingine, isiyotafuta kigawanyo chochote. Ilianzishwa na Mfaransa Édouard Lucas katika miaka ya 1870 na kunyooshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mwaka 1930. Anza na 4. Kila hatua, zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki baada ya kugawanya kwa namba inayochunguzwa. Kwa kipeo p kilicho tasa na kikubwa kuliko 2, rudia mara p − 2. Ukifika sufuri, namba ni tasa. Usipofika, si tasa.

Kwa 2^31 − 1 ni hatua 29 tu. Nne za mwanzo hazihitaji hata kugawanya: 4, kisha 14, kisha 194, kisha 37,634, kisha 1,416,317,954, ambayo bado ni ndogo kuliko namba yetu. Kuanzia hapo kazi ya mkono inakuwa chungu, ila simu yako inaimaliza kabla hujapepesa jicho. Kwa kalamu, jaribuni 127.

Afande_Mstaafu

Nimejaribu nyuma ya stakabadhi ya chakula cha kuku. Kipeo ni 7, kwa hiyo hatua ni 5. 4, 14, 194 ukitoa 127 ni 67, 67 × 67 ukitoa 2 ni 4,487, baki 42, 42 × 42 ukitoa 2 ni 1,762, baki 111, 111 × 111 ukitoa 2 ni 12,319, na 12,319 ni 127 × 97 kamili. Sufuri! Hesabu hii ni kama gwaride: hujui linakoelekea mpaka kila mtu asimame mahali pake kwa pamoja.

Fundi_Kampala

Kwa kuwa mmefika huku, niwaambie kwamba sisi mafundi tumefaidika na utasa wa namba hii, si ukubwa wake tu. Kompyuta haijui kubahatisha. Ukitaka ikutolee namba za bahati nasibu, lazima uipe hesabu inayoruka ruka kiasi cha kumdanganya anayetazama. Njia moja maarufu, ambayo Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza mwaka 1988 kama kiwango cha chini kinachokubalika, ni hii: shika namba, izidishe kwa 16,807, chukua baki baada ya kugawanya kwa 2,147,483,647, na baki hilo liwe namba mpya. Ukianza na 1, unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Ukiendelea hivyo, hurudii namba yoyote mpaka uwe umezipitia zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646. Walitoa hata kipimo cha kukagua kama programu imeandikwa sawasawa: ukianza na 1, hatua ya elfu kumi lazima ikupe 1,043,618,065. Nilipokuwa najifunza kazi, mara ya kwanza nilipata namba nyingine kabisa, na kosa lilikuwa lile lile la Mhazini: zidisho lilizidi biti 32 kabla sijachukua baki.

Kwa kazi za siri, kama nywila au miamala ya fedha, msitumie njia hii. Aliyeona namba moja anaweza kuzijua zote zinazofuata.

Mwanafunzi_Mbarara

Kwa nini 16,807? Inaonekana kama namba iliyookotwa njiani.

Mwalimu_Arua

16,807 ni 7^5. Namba ya 7 ina sifa kwamba vipeo vyake, ukichukua mabaki kwa namba yetu, vinazunguka kupitia namba zote 2,147,483,646 kabla ya kurudi kwenye 1. Si kila namba inaweza. 2, kama tulivyoona, inarudi kwenye 1 baada ya hatua 31 tu. Ukichukua 7 kwa kipeo cha 5, mzunguko unabaki mrefu vile vile mradi 5 isiwe na kigawanyo kimoja na urefu wa mzunguko. Urefu huo, 2,147,483,646, ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Umetafuta 5 humo? Haimo.

Afande_Mstaafu

Ninalo langu, nililolisikia kwa mwanangu anayefanya kazi za mitambo. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya kimataifa. Zile ambazo zimeiweka hesabu hiyo kwenye biti 32 za aina ya Mhazini zitajaa sekunde ya 2,147,483,647. Sikutaka kumwamini bila kugawa. Siku moja ina sekunde 86,400. Siku 24,855 ni sekunde 2,147,472,000. Zinabaki 11,647, ambazo ni saa tatu, dakika 14 na sekunde 7. Kwenye kalenda inaangukia tarehe 19 Januari 2038, siku ya Jumanne. Kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu, hapa Uganda itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, wakati wa kuwapa kuku maji. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itadhani ni Desemba 1901.

Fundi_Kampala

Mwanao yuko sahihi, afande. Kompyuta na simu za kisasa nyingi zimekwisha kuhamia biti 64 kwa upande wa saa. Ninaohofia ni vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa, ambavyo hakuna anayevipelekea programu mpya.

Mhazini_Busia

Wapendwa, nimerudi. Kijana aliyetutengenezea programu amekuja, amepanua safu hiyo kuwa biti 64, na jumla imekokotolewa upya kutoka amana moja moja. Sasa inasoma 2,163,908,400. Inaishia na sufuri mbili, inalingana na daftari langu la mkono, na mwenyekiti ameninunulia soda, jambo ambalo sikumbuki kama limewahi kutokea. Nilimwonyesha uzi huu akasoma mpaka kwenye washukiwa, akaniuliza kama nami nilikuwa mmojawapo.

Nina swali la mwisho. Kijana ameniambia kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807. Je, nacho ni tasa?

Mwalimu_Arua

Hapana, na hili unaweza kuliona bila kikokotoo. Kikomo hicho ni 2^63 − 1, na 63 inagawanyika kwa 3. Ukiandika namba hiyo kwa tarakimu za kompyuta ni 1 sitini na tatu mfululizo. Zikate tatu tatu: 111, 111, 111, makundi 21 bila kubakisha. Na 111 kwa kompyuta ni 7. Kwa hiyo namba yote inagawanyika kwa 7. Kikomo cha biti 32 zisizo na alama ya hasi, 4,294,967,295, nacho si tasa. Ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Kile cha biti 16 zenye alama, 32,767, ni 7 × 31 × 151. Chenu cha zamani kilikuwa tasa kwa sababu tu 32 ukitoa 1 ni 31, na 31 ilikuwa na bahati. Aliyechagua biti 32 hakuwa anamfikiria Euler hata kidogo.

Mwanafunzi_Mbarara

Mwalimu, nimegundua kitu. 2^2 − 1 ni 3, 2^3 − 1 ni 7, 2^7 − 1 ni 127, na nimesoma kwamba 2^127 − 1 nayo ni tasa. Kwa upande wetu, 2^5 − 1 ni 31, na 2^31 − 1 ni namba ya Mhazini. Je, tukipanda ngazi moja zaidi, tukachukua 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647 tukatoa 1?

Mwalimu_Arua

Swali hilo limewashughulisha watu wengi. Ile ya 127 aliithibitisha Lucas mwaka 1876, kwa mkono. Ngazi unayoitaja ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na ukianza kuitamka tarakimu moja kila sekunde bila kulala itakuchukua miaka zaidi ya ishirini. Kuijaribu yote kwa njia ya Lucas na Lehmer ni kazi nzito mno. Lakini kichujio cha kwanza bado kinafanya kazi, kwa kuwa kipeo ni tasa: mshukiwa lazima awe kigawe cha mara mbili ya 2,147,483,647 kilichoongezwa moja. Waliotafuta hivyo wakamnasa mmoja katika miaka ya 1980: 295,257,526,626,031 inaigawa. Ngazi ya 5 imevunjika hapo, baada ya kupanda mara mbili.

Kwamba inaigawa, kompyuta inakagua kwa kuzidisha mara chache kwa namna ya mzunguko ule wa mabaki. Kwamba ina umbo linalotakiwa, mnaweza kukagua wenyewe: toa 1, kisha gawanya kwa namba ya Mhazini. Mtapata 137,490, ambayo ni shufwa kama inavyopaswa.

Afande_Mstaafu

Nimezidisha kwa mkono, karatasi mbili, mke wangu akidhani naandika barua. 2,147,483,647 × 137,490 ni 295,257,526,626,030. Ukiongeza moja, ni yenyewe.